Mto ukihama, mpaka unahama nao?

BintiBondeni

Habari za jioni wakuu. Nina swali moja, ila naomba mnivumilie maana haliji peke yake.

Nina duka la steshenari Kigogo, Dar es Salaam, upande wa bondeni. Natoa kopi, naprinti, nalaminisha vyeti, nauza madaftari na kalamu. Walimu huniletea ramani niwatolee kopi za A3, na mmoja wao aliniachia ramani ya Tanzania ya ukutani, kubwa, imechanika pembe ya Mtwara, akasema nibaki nayo kwa kuwa shule imepata mpya. Niliibandika nyuma ya mashine. Huu ni mwaka wa sita naitazama kila siku, na bado kuna siku naona kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Chukueni mpaka wetu na Kenya. Unaanzia baharini kule Jasini, unapanda umenyooka kama umepigwa rula, ukifika Kilimanjaro unapinda kuukwepa mlima, kisha unanyooka tena hadi Ziwa Victoria. Kila mteja anayeuona huo mpindo ananipa hadithi ileile: Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake Kaiser, mfalme wa Wajerumani, mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Niliiamini miaka mingi, na nimewasimulia watoto wengi wa shule waliokuja kutoa kopi. Lakini miaka inakataa. Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari huo mwaka 1886. Mjukuu anayesemwa, Wilhelm wa Pili, alikalia kiti mwaka 1888. Mwaka 1886 Kaiser alikuwa babu yake mzaa baba, ambaye kwa Victoria hakuwa mjukuu.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 unataja njia ya mstari hatua kwa hatua, na mimi nimeusoma huku kidole kikiwa ukutani. Unaanza mdomo wa mto Umba, unakwenda Ziwa Jipe, unazunguka kaskazini yake, unavuka mto Lumi, unapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, unazunguka chini ya mlima kwa kaskazini, halafu unakwenda moja kwa moja hadi ufuko wa Ziwa Victoria pale panapokatwa na digrii 1 kusini ya ikweta. Hamna zawadi humo. Kuna watu mezani Ulaya, wakiwatenga Wataveta na Wachaga waliokuwa wakionana kwa macho. Mimi hiyo inaniuma kuliko hadithi ya keki na mishumaa.

Sasa swali lenyewe. Marehemu baba alinunua kiwanja chetu mwaka 1988. Hakikuwa kimepimwa. Ipo karatasi ya mauziano, yenye mashahidi wanne, dole gumba na muhuri wa tawi la chama. Mipaka imeandikwa kwa maneno, kama ilivyokuwa desturi: kaskazini jirani fulani, kusini njia, magharibi jirani fulani, mashariki mto. Mto wenyewe ni Msimbazi, huuhuu unaoshuka kutoka vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti na kwetu, ukaingia Jangwani na kumwaga baharini pale Daraja la Salenda. Mvua za Desemba 2011 zilipokuja, maji yalikata kona usiku mmoja. Kulipokucha mto ulikuwa umesogea kuja kwetu, na kipande tulichokuwa tukilima matembele kimebaki ng'ambo. Majirani wengi walihamishiwa viwanja vipya Mabwepande. Sisi nyumba yetu iko juu kidogo, tukabaki. Siku hizi ng'ambo kule kuna mama analima mchicha. Hatujawahi kugombana naye, hata kusemezana hatujasemezana, matete ni marefu.

Karatasi inasema mashariki ni mto. Mto upi? Ule wa 1988 au wa leo? Na nchi zinazotenganishwa na mto zinafanyaje? Mto Ruvuma ukikata kona, Msumbiji inaongezeka na sisi tunapungua?

MpimaMstaafu

Binti yangu, pole kwa kuondokewa na mzee. Nimepima ardhi miaka 31, sasa napumzika Tabata, na swali lako lingenifanya niamke usiku.

Dunia nzima wanatenganisha mambo mawili. Mto ukila ukingo kidogo kidogo, mwaka huu shubiri, mwakani shubiri, mpaka unaufuata mto, kwa sababu hakuna anayeweza kuonyesha siku ambayo ardhi iliondoka. Lakini mto ukiruka, yaani ukavunja ukingo na kufungua mkondo mpya kwa mkupuo, mpaka unabaki kwenye mkondo wa zamani, hata kama umekauka na watoto wanachezea mpira. Kwa maelezo yako, Msimbazi wenu uliruka.

Usidhani kanuni hiyo ikishajulikana ugomvi unaisha. Marekani na Mexico zinatenganishwa na mto Rio Grande, na mafuriko ya 1864 yalichangia kuusogeza mto kusini pale penye miji ya El Paso na Ciudad Juárez. Eneo la Mexico likajikuta upande wa Marekani. Wakabishana: ulisogea taratibu au uliruka? Wasuluhishi waliamua mwaka 1911 kwamba sehemu kubwa irudi Mexico, Marekani ikakataa. Walikuja kuelewana mwaka 1963, ikarudishwa ardhi, na mto wenyewe wakaujengea mfereji wa zege ili usiwageuke tena. Karibu miaka 100 kwa ajili ya kona ya mto.

Kwa kiwanja kilichopimwa isingekuwa taabu. Bikoni, yaani jiwe la mpaka, ina namba, namba ina vipimo vyake kwenye ramani ya upimaji, na hata bikoni yenyewe ikichukuliwa na maji tunairudisha mahali pake. Chako hakijapimwa, kwa hiyo mpaka wako ni maneno. Basi nenda kaisome karatasi neno kwa neno. Usitupe kwa kukumbuka. Nimeona familia zikifikishana barazani kwa sababu ya "hadi" na "karibu na".

Halafu kuna jambo moja utalipenda kidogo tu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Kwa hiyo hata kikiwa chako, usiwaze kujenga pale.

MwanaSongwe

Dada, karibu Kyela. Wewe una kona moja, sisi tuna mto mzima usiotulia.

Mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi, kuanzia milimani hadi Ziwa Nyasa. Huko juu unapita kwenye mabonde yenye kuta, hausumbui. Ukifika tambarare, kwenye mpunga na kokoa, unajinyonganyonga kama nyoka, na mvua kubwa zikija unabadili njia. Baba yangu mdogo ana majaruba mawili. Nikiwa darasa la nne tulikuwa tunayaendea kwa miguu mikavu. Nikiwa sekondari tunavuka kwa mtumbwi, na mashina ya michikichi yaleyale yamesimama ng'ambo. Watu wa ng'ambo ni Wangonde, lugha tunasikilizana bila mkalimani, tunazikana na kuoana, kwa hiyo baba mdogo aliendelea kulima na hakuna aliyemuuliza pasipoti. Lakini fikiria afisa mgeni aliyepangiwa kazi jana akitokea na ramani yake. Serikali zote mbili zina mpango wa pamoja wa bonde la Songwe, na kuzituliza kingo za mto ni moja ya sababu kubwa za mpango huo kuwepo.

Na ule mkataba wako wa 1890, dada, usiishie Kilimanjaro. Ukishuka nao hadi kwetu utaona umeandikwa kwamba mstari unafuata ufuko wa ziwa, mashariki, kaskazini, unazunguka magharibi hadi mdomo wa Songwe. Ufuko! Malawi inaushika hapo, inasema maji yote ya upande wetu ni yake hadi mchangani. Sisi tunasema mpaka uko katikati ya maji. Mimi nimeogelea Matema tangu sijaanza shule. Kwa maandishi yale, mtoto wa Matema akiingiza miguu majini ametoka nje ya nchi. Aliyeandika hivyo hakuwahi kumwona mvuvi akitoka na mtumbwi saa kumi alfajiri.

WaMissenyi

Kwetu ni kinyume chenu wote. Mto tunao, tena mkubwa, ila mpaka haukutaka kuufuata. Mpaka wa Tanzania na Uganda ni ileile digrii 1, umenyooka kutoka ziwani kwenda magharibi, na mto Kagera uko kusini yake. Katikati ya mto na mstari kuna nchi na watu, ndipo nilipozaliwa, kati ya Kyaka na Mutukula.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto ni ya Uganda, mto ndio mpaka wa asili. Daraja la Kyaka likavunjwa. Kilichofuata kila Mtanzania anakijua. Mama yangu alikimbia na mtoto mgongoni akaukuta mto mbele na daraja halipo. Ndiyo maana mtu akiniambia mto ni mpaka wa asili, mwili unanisisimka.

ShabaNaLami

Wakuu, mimi ni dereva wa masafa, Dar hadi Lubumbashi, mwaka wa 14 sasa. Ramani kwangu ni mafuta na siku.

Safari ya kwanza nikiwa utingo, tumetoka boda ya Tunduma tukaingia Zambia, tumepita Mpika na Serenje, nikaona kwenye ramani Ndola iko pale pale magharibi, karibu sawa na Serenje. Nikangoja tukate kulia. Hatukukata. Tuliteremka kusini hadi Kapiri Mposhi, halafu ndiyo tukapanda kaskazini kwenda Ndola, Chingola na Kasumbalesa. Nikamuuliza mzee wangu wa kwenye usukani kwa nini tunazunguka. Akanionyesha kidole chake cha shahada akakisukuma kwenye dashibodi: "Kongo imeingia hivi." Ukitazama Zambia utaona, Kongo imechomeka kidole ndani yake hadi nchi inakaribia kukatika vipande viwili. Waingereza na Mfalme Leopold walikubaliana hivyo mwaka 1894. Mtu wa Mufulira anayekwenda Mansa, mji wa nchi yake mwenyewe, njia fupi ni kutoka Zambia, kupita Kongo, na kuingia tena Zambia kwa daraja la mto Luapula.

Kuna pengine tena. Nilipelekwa mara mbili Botswana kwa njia ya Kazungula. Zamani pale ni kivuko, foleni ya siku kadhaa. Daraja lilifunguliwa Mei 2021, lina mita 923, na limepinda. Nilidhani limepindwa kwa urembo. Kumbe Zambia na Botswana zinagusana kwa kama mita 150 tu ndani ya Zambezi, na daraja likinyooka linaingia Zimbabwe, ambayo haikuwa kwenye mradi. Fikirieni wahandisi wakikunja zege na chuma kwa ajili ya mstari ulio majini, ambao hata samaki hauoni. Unapoendesha gari la tani 30 juu yake unaisikia ile kona kwenye usukani.

Upande wa pili wa Kazungula ndiko unakoishia ule mkono mrefu wa Namibia, Caprivi. Nayo nadhani ni mkataba uleule wa dada.

BintiBondeni

Kaka ShabaNaLami, ndiyo, ni karatasi ileile ya 1 Julai 1890. Wajerumani walitaka njia ya kufika mto Zambezi kutoka koloni lao la magharibi, wakapewa ukanda wa urefu wa kama kilomita 450, ukaandikwa kwamba usiwe mwembamba kuliko maili 20 mahali popote. Matumaini yalikuwa washuke na mto hadi Bahari ya Hindi, waungane na huku kwetu. Na kati yao na bahari kuna Maporomoko ya Victoria, zaidi ya mita 100 kwenda chini! Karatasi moja, imebeba Caprivi, Ziwa Nyasa, Kilimanjaro, Zanzibar kuwekwa chini ya Waingereza, na kisiwa cha Heligoland kule Ujerumani. Nimeiprinti, iko mezani.

Mzee wangu, shikamoo. Niliposoma "usitupe kwa kukumbuka" nilikumbuka ramani nyingine ninayoipenda kuliko zote, na nataka niwasimulie kabla ya kuifungua karatasi ya baba.

Miaka ya 1850 mmisionari Mjerumani, Jakob Erhardt, aliishi Tanga. Hakufika bara ya mbali. Kazi aliyoifanya ni kuwauliza watu wa misafara: mnapita wapi, siku ngapi, mwisho wenu ni nini? Wa njia ya kaskazini walisema mwisho ni maji. Wanaokwenda Ujiji walisema mwisho ni maji. Wa Kilwa walisema mwisho ni maji. Yeye na mwenzake Rebmann wakaona basi hayo ni maji mamoja, wakachora ziwa moja la kutisha, limejikunja kama konokono aliyetolewa kwenye gamba, kuanzia ikweta hadi kusini kabisa. Ramani ilipofika London mwaka 1856 wakubwa wa jiografia walibishana hadi wakawatuma Burton na Speke waje waone. Februari 1858 walifika Ujiji, na Agosti mwaka huohuo Speke akasimama Mwanza. Kumbe ni maziwa matatu: Victoria, Tanganyika, Nyasa.

Waswahili na Wanyamwezi wale hawakusema uongo. Kila mmoja alilieleza ziwa lake kwa uaminifu. Kosa liliingia pale mwandishi alipounganisha maneno bila kuuliza swali moja zaidi. Na uzuri wake ni kwamba maji yale yanaachana kabisa: ya Victoria yanakwenda na Nile hadi Misri, ya Tanganyika yanatokea Lukuga yakaingia Kongo hadi Atlantiki, ya Nyasa yanashuka Shire na Zambezi yakaja kwenye bahari yetu. Mvua ikinyesha Tanzania siku moja, matone yanaweza kuishia kwenye bahari tatu. Mengine hayafiki baharini, yanaishia Rukwa, Eyasi au Natron. Mteja akiwa na haraka simwambii haya. Akiwa na kopi mia mbili, namwambia yote.

Jumapili naenda kwa mama kuichukua karatasi. Nitarudi.

MpimaMstaafu

Marahaba. Ukiichukua, uilete kama ilivyo. Wewe una mashine ya kulaminisha, tafadhali usiiguse nayo. Karatasi ya zamani yenye dole gumba ikiingia kwenye plastiki na joto, wino unaweza kufifia na hakuna wa kuitoa tena. Itie kwenye bahasha. Na uende bondeni na kamba ya mita, asubuhi kabla ya jua kali.

BintiBondeni

Nimerudi wakuu, na mzee wangu, asante, sikuilaminisha.

Karatasi ilikuwa ndani ya Kurani ya baba, imekunjwa mara nne. Mipaka mitatu ni kama nilivyowaambia. Wa nne nilikuwa nimeukumbuka nusu. Imeandikwa hivi, kwa mwandiko wa katibu wa tawi: "Mashariki hadi mtoni penye mkuyu."

Mama ananiambia hayo maneno mawili ya mwisho aliyataka baba. Katibu alikuwa ameshaandika "mtoni" na kuweka nukta, baba akasema ongeza mkuyu, mto una tabia zake. Nukta bado inaonekana, imefutwa kwa kukwaruzwa.

Nilivuka leo saa moja asubuhi kwenye yale mawe ya chini ya daraja dogo. Mkuyu upo. Tawi kubwa lilivunjika, shina limelala upande kidogo kwa nguvu ya yale maji, lakini una majani na kuyu mbichi zimejazana kwenye gome. Kutoka ukingo wa leo hadi shinani kamba ilisoma mita 27 na nusu. Zote hizo ni matete, hakuna jembe lililopita. Matuta ya mchicha yanaanzia upande wa pili wa mti, yamenyooka, na tuta la mwisho limekatishwa pale mizizi inapoanzia.

Miaka yote hii nilidhani yule mama analima kwetu. Matete yalinificha.

Nilimkuta anamwagilia kwa kopo. Nikamwamkia, nikajieleza mimi mtoto wa nani. Akaweka kopo chini, akasema aliyemwachia bustani alimwambia mwisho wake ni mkuyuni, hapo mbele kuna mwenyewe, ila yeye hajawahi kumwona mwenyewe huyo akija. Akanipa mafungu mawili ya mchicha. Nimemwachia namba yangu.

Kwa kuwa haziruhusiwi kujengwa, na mita zangu 27 ziko ndani ya 60 za mzee, nimemwambia akitaka kufyeka matete apande, apande, mradi tuta lake la zamani tulijue wote wawili. Amesema atafikiri, nyoka ni wengi.

Jioni hii nimekaa dukani nachora. Mzee, nimeanza na mkuyu, kwa kalamu ya wino, halafu nyumba, halafu njia. Mto nimeuchora kwa penseli.